Maswali ya Wasomaji: Vigawo Tasa na Mahali pa Kusimama

Tangu safu hii ilipogusia nambari tasa, barua zilizofika mezani zimeegemea upande mmoja: namna ya kuivunja nambari nzima mpaka kubaki vigawo vyake tasa peke yake. Nimechagua sita. Kabla ya kuzijibu, na tukubaliane kwanza kuhusu maneno, kwa sababu watoto wetu wa Mombasa husomeshwa hesabu kwa Kiingereza, na wazazi wengi hukwama kwenye msamiati hata kabla ya kukwama kwenye hesabu yenyewe. Kigawo cha nambari ni nambari nzima inayoigawanya bila kubakisha kitu. 6 ni kigawo cha 42, kwa kuwa 42 ukiigawanya kwa 6 unapata 7 kamili. Nambari tasa ni ile iliyozidi 1 ambayo haina kigawo kingine ila 1 na yenyewe, kama vile 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Kigawo tasa, basi, ni kigawo ambacho chenyewe ni nambari tasa. Vya 42 ni 2, 3 na 7.

Mwalimu, assalaam alaykum. Mwanangu wa Gredi ya Sita alipewa nambari 3780 aitafutie vigawo tasa. Yeye alianza kwa kuandika 54 mara 70, kisha akaendelea kuchora matawi. Mimi nilivyosomeshwa ni kuanza kwa 2 na kuteremka ngazi kwa ngazi. Tulibishana mpaka chakula cha jioni kikapoa. Nani kati yetu ana njia sahihi? — Mzazi, Likoni

Waalaykum salaam, dada yangu. Chakula kilipoa bure, kwani nyote wawili mko sawa, na kwamba nyote mko sawa si jambo dogo.

Tuanze na ngazi yako. 3780 ukiigawanya kwa 2 unapata 1890, na 1890 kwa 2 ni 945. Hapo 2 imekwisha kazi yake, kwa kuwa 945 ni witiri. Tunahamia 3, nayo inatupa 315, kisha 105, kisha 35. 3 haiingii tena katika 35, kwa hiyo tunashika 5 na kupata 7, ambayo ni nambari tasa. Jibu lako ni 2 × 2 × 3 × 3 × 3 × 5 × 7. Sasa tutazame matawi ya mtoto: 54 ni 2 mara 27, na 27 ni 3 × 3 × 3, 70 ni 2 × 5 × 7. Yakusanye majani yote yaliyo kwenye ncha za matawi hayo na utayakuta yale yale: 2 mbili, 3 tatu, 5 moja na 7 moja. Hata kama angeanza na 60 mara 63, angefika pale pale.

Hili tunalizoea upesi kiasi cha kusahau kulistaajabia. Nambari yoyote nzima iliyozidi 1 ina njia moja tu ya kuandikwa kama zao la nambari tasa, ukiacha mpangilio wake. Euclid, aliyeandika huko Alexandria yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, aliweka msingi alipothibitisha kwamba nambari tasa ikigawanya zao la nambari mbili, ni lazima igawanye mojawapo ya hizo mbili. Baadaye mtaalamu wa Uajemi, Kamal al-Din al-Farisi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 14, alilirudia suala hili la kuvunja nambari kwa sababu alilihitaji katika kazi nyingine: alikuwa akichunguza jozi za nambari zinazoitwa rafiki. Uthibitisho kamili, uliopangwa vizuri, ulichapishwa na Mjerumani Carl Friedrich Gauss mwaka 1801, naye akiwa na umri wa miaka 24.

Naomba nikae kidogo juu ya nambari hizo rafiki, kwa sababu zinaonyesha kwa nini mtu mzima ajisumbue na vigawo tasa. Nambari mbili ni rafiki iwapo vigawo vya kila moja, bila kuihesabu yenyewe, vikijumlishwa vinatoa ile nyingine. Chukua 220, ambayo ni 2 × 2 × 5 × 11. Kila kigawo cha 220 kinatokana na kuchagua: uchukue 2 ngapi (hakuna, moja au mbili), uchukue 5 au uiache, uchukue 11 au uiache. Machaguo ni 3 × 2 × 2, yaani 12, na kwa hiyo unajua kwamba vigawo ni 12 hata kabla ya kuandika kimoja. Ondoa 220 yenyewe. Vinabaki 1, 2, 4, 5, 10, 11, 20, 22, 44, 55 na 110, na jumla yake ni 284. Sasa 284 ni 2 × 2 × 71. Vigawo vyake bila yenyewe ni 1, 2, 4, 71 na 142, na jumla yake ni 220. Thabit ibn Qurra, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, alitoa kanuni ya kuzipata jozi za aina hiyo, na al-Farisi akaifikia jozi ya 17296 na 18416. Kuorodhesha vigawo vya nambari kubwa kiasi hicho kwa kubahatisha ni kazi ya kukesha. Lakini ukishajua kwamba ya kwanza ni 2 × 2 × 2 × 2 × 23 × 47 na ya pili ni 2 × 2 × 2 × 2 × 1151, kazi inakuwa ya robo saa.

Ukiniuliza niteue kati ya ngazi yako na matawi ya mwanao, nitasema ngazi ni bora kwa anayejifunza, kwa sababu mwenye kuteremka nayo kwa utaratibu hapotezi kigawo, ilhali mwenye matawi mara nyingi husahau jani moja pembeni mwa karatasi. Matawi yanafaa pale jicho linapoiona nambari mara moja, kama vile 6300, ambayo hakuna haja ya kuipitisha ngazini wakati 63 na 100 zinakutazama usoni.

Kwa nini 1 haihesabiwi kuwa nambari tasa, na hali haigawanyiki kwa kitu kingine? — Mwanafunzi, Changamwe

Kwa sababu ingeharibu yote niliyomwambia mzazi wa Likoni. Kama 1 ingekuwa tasa, basi 42 ingekuwa 2 × 3 × 7, na pia 1 × 2 × 3 × 7, na pia 1 × 1 × 2 × 3 × 7, bila mwisho, na kauli ya kwamba kila nambari ina mvunjiko mmoja tu ingekosa maana. Wataalamu waliiondoa 1 kwa makusudi ili kanuni ibaki safi. Ni makubaliano, lakini ni makubaliano yenye sababu.

Pembeni kidogo: neno tasa lenyewe huwa linanifanya nitabasamu. Tunaziita nambari hizi tasa kana kwamba hazizai, na kumbe nambari nyingine zote zinazaliwa nazo.

Shikamoo, mwalimu. Katika mtihani wa majaribio tuliulizwa vigawo tasa vya 1963. Nilijaribu 2, 3, 5, 7 na 11, zote zikakataa, nikaandika kwamba 1963 ni nambari tasa. Nikakosa. Nitajuaje pa kusimama? Mwenzangu anasema ni lazima kujaribu mpaka nusu ya nambari, yaani 981, jambo ambalo naona haliwezekani kwa dakika mbili tulizo nazo. — Kidato cha Pili, Majengo

Marahaba, mwanangu. Wewe ulisimama mapema mno na mwenzako anataka kusimama kwa kuchelewa mno. Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote. Kugawanya kila mtu anajua, lakini kujua pa kusimama ndiko kunakomtenganisha anayeelewa na anayebahatisha.

Vigawo hutembea wawili wawili. Kila ukipata kigawo kimoja cha nambari, jibu la mgawanyo huo ni kigawo kingine, mwenzake. Katika jozi hiyo haiwezekani wote wawili wakazidi kipeuo cha pili cha nambari, yaani ile nambari ambayo ukiizidisha kwa nafsi yake unapata nambari unayoivunja, kwa sababu vikubwa viwili vya namna hiyo vikizidishwa vitaipita. Kwa hiyo, ikiwa 1963 inavunjika, ni lazima kigawo chake kimoja kiwe chini ya kipeuo hicho. 44 × 44 ni 1936, na 45 × 45 ni 2025. Mpaka wako, basi, ni 44. Tena huna haja ya kujaribu 4, 6, 8 au 9, kwani 2 na 3 zilizokataa zimekataa kwa niaba ya watoto wao wote. Unajaribu nambari tasa tu hadi 43, nazo ni 14: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41 na 43. Badala ya majaribio 981 una 14.

Nyingi kati ya hizo zina njia za mkato. 2 na 5 hujulikana kwa tarakimu ya mwisho. Kwa 3, jumlisha tarakimu: 1 + 9 + 6 + 3 ni 19, na 19 haigawanyiki kwa 3. Kwa 11, jumlisha na kutoa kwa zamu: 1 toa 9 ongeza 6 toa 3 ni hasi 5, ambayo si sifuri wala si mara ya 11, basi haiingii. Kwa 7, 1960 ni 7 mara 280, zinabaki 3. Hapo ndipo ulipoweka kalamu chini, na hatua moja tu mbele yako palikuwa na 13: 1963 ni 1950 na 13, na 1950 ni 13 mara 150, kwa hiyo 1963 ni 13 × 151. Mwaka tulioupata uhuru umefungwa na 13, mwanangu; wenye kuiogopa nambari hiyo watajua wenyewe la kusema.

Usiandike jibu bado, kwa maana 151 nayo ni lazima ihojiwe. Lakini tazama jinsi mpaka unavyoshuka kila unapopata kigawo: sasa unahitaji kipeuo cha 151 tu, na kwa kuwa 13 × 13 ni 169, iliyoipita 151, hakuna cha kujaribu kuanzia 13 kwenda juu. Zile za chini yake, 2, 3, 5, 7 na 11, zilikwisha kuikataa 1963 yote, basi haziwezi kuwemo ndani ya 151. Kwa hiyo 151 ni tasa, na umejua hivyo bila kugawanya tena hata mara moja. Wanafunzi wengi niliowafundisha walikuwa wakianza upya na 2 kila wanapopata kigawo kipya. Ni kujichosha bure.

Ukitaka mazoezi, usitafute mbali. Historia ya mji huu inatosha. Mwaka 1331, ambao kwa kawaida hutajwa kuwa ndio Ibn Battuta alipopita Mombasa, unakataa 2, 3, 5 na 7, kisha unafika 11: 1 toa 3 ongeza 3 toa 1 ni sifuri. Unagawanya na kupata 121, unagawanya tena na kupata 11. Ni 11 × 11 × 11, kitu adimu kukipata katika tarehe. Mwaka 1498, alipotia nanga Vasco da Gama, ni 2 × 749, na 749 ni 7 × 107. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593: tarakimu zake jumla yake ni 18, basi 3 inaingia mara moja na kutoa 531, kisha 177, kisha 59, na 59 ni tasa kwa kuwa 8 × 8 ni 64 na hakuna katika 2, 3, 5 na 7 kinachoigawanya. Jibu ni 3 × 3 × 3 × 59.

Sasa jaribu 2017, mwaka treni ya abiria ya reli mpya ilipoanza safari kati ya hapa na Nairobi. Mpaka ni ule ule wa 44, na nambari zote 14 zinakataa mpaka ya mwisho: 43 mara 46 ni 1978, zinabaki 39. Hapo unaweka kalamu chini kwa uhakika na kuandika kwamba 2017 ni nambari tasa. Ndiyo maana nasema kwamba nambari tasa ni ghali kuliko nambari nyingine zote: ile inayovunjika hukusamehe njiani, lakini iliyo tasa inakudai majaribio yote.

Ipo pia nambari inayovunjika lakini inayojificha karibu na mpaka. Rudi nyuma miaka miwili kutoka mwaka wa Ngome, ufike 1591. Kipeuo chake kinakaribia 40, na ukiteremka na ngazi utakataliwa na nambari 11 kabla ya kupokewa na ya 12, ambayo ni 37, na ambayo ndiyo ya mwisho uliyotakiwa kuijaribu. Kwa nambari kama hii, Mfaransa Pierre de Fermat, aliyekuwa mwanasheria wa Toulouse katika karne ya 17, alikuwa na njia nzuri zaidi. Anza na nambari nzima iliyo juu kidogo ya kipeuo, yaani 40. 40 × 40 ni 1600. Toa 1591, inabaki 9. Na 9 ni 3 × 3. Basi vigawo ni 40 toa 3 na 40 ongeza 3, yaani 37 na 43, na umemaliza kwa jaribio moja. Kama baki lisingekuwa mraba kamili, ungekwenda 41, kisha 42, na kuendelea. Lakini usiipende kupita kiasi. Kwa 1963, ambayo vigawo vyake 13 na 151 vimeachana sana, njia hii ingekuanzisha 45 na kukufikisha 82 ndipo ikupe jibu, yaani majaribio 38, wakati ngazi ingekupa kwa majaribio 6. Katika mtihani, tupia Fermat jicho mara moja au mbili, na asipokujibu rudi kwenye ngazi.

Mwalimu, hapa barazani vijana wamenichezea. Waliniambia niandike nambari yoyote ya tarakimu tatu, niirudie mbele yake, kisha nigawanye kwa 7, kisha kwa 11, kisha kwa 13. Kila mara haibaki kitu, na mwisho narudi kwenye nambari yangu ya kwanza. Huu ni uganga gani? — Mzee wa baraza, Mji wa Kale

Hakuna uganga, mzee wangu. Tuchukue 254, nambari ya kupigia simu Kenya kutoka nje. Ukiirudia unapata 254254, ambayo ni 254 elfu na 254, yaani 254 mara 1001. Na vigawo tasa vya 1001 ni 7, 11 na 13. Vijana walikuzidishia bila wewe kujua, kisha wakakugawanyisha kwa vigawo vya kile kile walichokuzidishia: 254254 kwa 7 ni 36322, kwa 11 ni 3302, na kwa 13 ni 254 uliyoanza nayo.

Wewe nawe waonyeshe faida ya jambo hilo, ambayo huenda wao hawaijui. Nambari ya tarakimu sita ukitaka kujua kama inagawanyika kwa 7, 11 au 13, ikate mafungu mawili ya tarakimu tatu na utoe fungu moja katika jingine. Kwa 468195, 468 toa 195 ni 273. Lolote kati ya 7, 11 na 13 linaloigawanya 273 litaigawanya na nambari kubwa, na lisiloigawanya halitaigawanya. 273 ni 3 × 7 × 13, basi 7 na 13 zinaingia na 11 haiingii. Ukiendelea mpaka mwisho utapata 3 × 5 × 7 × 7 × 7 × 7 × 13, na vijana watakaa kimya mpaka adhana.

Nimesikia kwamba usalama wa pesa zinazotumwa kwenye intaneti unategemea vigawo tasa. Ikiwa mtoto wa Gredi ya Sita anaweza kuvitafuta, kompyuta inashindwaje? — Mfanyabiashara, Marikiti

Kutafuta kunawezekana, kinachokosekana ni muda. Mwaka 1977 Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, waliokuwa katika chuo cha MIT huko Marekani, walibuni kufuli la siri linalotegemea tofauti kati ya kwenda na kurudi. Kuzidisha nambari tasa mbili kubwa ni kazi ya kufumba na kufumbua, lakini kupewa zao lake peke yake na kuambiwa uzitaje hizo mbili ni kazi ya namna nyingine kabisa. Zao hilo hutangazwa hadharani na hutumika kufunga ujumbe. Mwenye kuvijua vigawo viwili ndiye mwenye ufunguo wa kuufungua.

Tofauti hiyo ilijulikana zamani za kalamu. Pierre de Fermat, huyu huyu, alidhani kwamba 4294967297 ni tasa, na haikuwa mpaka mwaka 1732 ndipo Leonhard Euler alipoonyesha kwamba ni 641 × 6700417. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kwamba nambari ya tarakimu 21, 147573952589676412927, si tasa, lakini hakuweza kutaja kigawo chake hata kimoja. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1903, Mmarekani Frank Nelson Cole alipoonyesha kwamba ni 193707721 × 761838257287. Zingatia kwamba kujua nambari inavunjika ni jambo moja na kujua inavunjika wapi ni jingine. Kumhakiki Cole kunahitaji karatasi moja na subira ya nusu saa. Kufanya alichokifanya kunahitaji ustadi na miezi mingi.

Kompyuta zimesogeza mpaka lakini hazikuufuta. Wabunifu wa kufuli lile walitoa changamoto ya nambari ya tarakimu 129, nayo ilivunjwa mwaka 1994 kwa kuunganisha kompyuta za watu waliojitolea wapatao 600. Mwezi wa Februari mwaka 2020 ilivunjwa nambari ya tarakimu 250, na kazi hiyo, lau ingefanywa na kiini kimoja tu cha kompyuta, ingechukua miaka ipatayo 2,700. Kufuli za aina hii zinazotumika kwa wingi leo zina nambari za tarakimu 617. Ngazi yetu ya Likoni haisaidii hapo, kwa kuwa mpaka wa kipeuo cha pili wenyewe una tarakimu zaidi ya 300, na hata njia bora zinazojulikana, ambazo kwa sehemu ni wajukuu wa ile hila ya Fermat ya kutafuta tofauti ya miraba, hazifiki. Kuna kanuni iliyotolewa na Peter Shor mwaka 1994 ambayo ingezivunja upesi, lakini inahitaji kompyuta za aina tofauti kabisa ambazo bado hazijawa na nguvu ya kutosha.

Mwalimu, mimi si mwanafunzi, ni fundi wa vigae. Nina sebule ya sentimita 780 kwa 540. Mteja anataka kigae cha mraba kilicho kikubwa kuliko vyote kinachoweza kuenea bila kukata hata kimoja. Dukani kuna vya 30, vya 40 na vya 60. Nimejaribu kwa kubahatisha nikachoka. — Fundi, Bamburi

Fundi wangu, kazi yako ndiyo hasa iliyofanya vigawo tasa vifundishwe. Vunja vipimo vyote viwili. 780 ni 2 × 2 × 3 × 5 × 13. 540 ni 2 × 2 × 3 × 3 × 3 × 5. Sasa chukua vile tu vinavyopatikana pande zote mbili, kwa idadi inayopatikana pande zote mbili: 2 mbili, 3 moja na 5 moja. Zidisha, upate 60. Hicho ndicho kigawo kikubwa cha shirika, na hakuna kigae cha vipimo vya sentimita nzima kilicho kikubwa kuliko hicho kitakachoenea sawasawa kwa urefu na kwa upana. Vitahitajika 13 kwa urefu na 9 kwa upana, jumla 117.

Vigae vya 40 viache, na sababu unaweza kuiona bila kupima: 40 ni 2 × 2 × 2 × 5, inadai 2 tatu, na kila ukuta wako una 2 mbili tu. Vya 30 vinaenea, kwa kuwa 30 ni 2 × 3 × 5 na hivyo vyote vimo, lakini utahitaji 468, mara nne ya vile vya 60, na kazi ya kuvipanga itaongezeka.

Lipo jambo ambalo hesabu haikuliona na wewe unalijua kuliko mimi, nalo ni nafasi ya saruji kati ya kigae na kigae. Ukiacha milimita 3, kwa urefu una nafasi 12, sawa na sentimita 3.6, na kwa upana una nafasi 8, sawa na sentimita 2.4. Vigae vya kutimia 60 kamili havitaingia vyote vikiwa vizima. Kwa bahati nzuri 13 na 9 zote mbili ni witiri, kwa hiyo kigae kimoja kitakaa katikati kabisa ya sebule. Kianze hicho, uende nje pande zote, na upungufu utagawanyika sawa, sentimita 1.8 kwa kila ukingo wa urefu na 1.2 kwa kila ukingo wa upana. Mteja akiuliza kwa nini vigae vya ukutani vimenyolewa kidogo na hali aliambiwa hakuna kitakachokatwa, mwambie alipewa hesabu ya chumba kisicho na saruji.